Nilimuuliza mhudumu "kuna karanga?" akasema hakuna. Hakudanganya, na bado nililala hospitali

#1 MguuNjia (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Nimerudi juzi kutoka safari ya kikazi, nchi ambayo lugha yake najua maneno mawili tu: asante na choo. Nina mzio wa karanga na korosho tangu utotoni. Si ule wa kujikuna kidogo ukapita. Wangu unavimbisha midomo, unahamia kifuani, kisha naanza kuitafuta pumzi. Nimeishi nao miaka thelathini na kitu, nikajiona nimeshakuwa profesa.

Siku ya tatu wenyeji wetu wakatutoa kwenda kula usiku. Meza ya watu kumi na mmoja, bosi wangu kakaa kulia kwangu. Mhudumu alipofika nikaandika kwenye simu, "Kuna karanga kwenye chakula hiki?", programu ikatafsiri, nikamwonyesha. Akasoma, akatabasamu, akatikisa kichwa. Hakuna. Nikaletewa kuku kwenye mchuzi mweupe, mzito, mtamu kweli. Kijiko cha nne ulimi ukaanza kuwasha.

Mchuzi ule uzito wake ulitokana na korosho za kusaga.

Yule kijana hakunidanganya. Nilimuuliza karanga, akanijibu karanga. Sisi kwa Kiswahili tuna karanga, tuna korosho, tuna lozi, kila kimoja na jina lake, na hatuna neno moja la kila siku la kuvizoa vyote. (Wengine watasema njugu, lakini ukimtajia mtu njugu anafikiria karanga, au njugu mawe.) Kwa hiyo nilipotafsiri swali langu, nilitafsiri nusu ya ugonjwa. Nusu ya pili niliimeza kwa aibu. Nilitaka kuongeza korosho, nikatazama meza nzima inanisubiri mimi tu niagize, nikasema moyoni, aah, kishasema hakuna.

Sindano ya adrenalini ninayo. Ilikuwa chumbani, ndani ya begi. Msinitukane, mke wangu keshamaliza matusi yote. Mwenzangu mmoja ndiye aliyepiga simu ya dharura, nikadungwa nikiwa nimelala sakafuni kati ya meza mbili, bosi kanishika mguu.

Nimekaa nikafikiri sana. Swali la "kuna kitu fulani humu?" ni swali bovu. Linajibika kwa ndiyo au hapana, na mtu anayehudumia meza nane atakupa lile jibu litakalomwachia aondoke. Siku hizi nauliza, "Hiki mnakipikaje? Sufuriani mnaanza na nini?" Hapo ama anaeleza, ama anakwenda kuuliza. Akibabaika, naagiza kingine.

Nyie wenzangu mnaokula nje ya kwenu na matumbo yenye masharti, mnafanyaje?

#2 TumboJeuri

Pole sana mkuu. Mimi changu ni maziwa. Nikinywa bilauri nzima najuta usiku kucha, lakini ya kwenye chai hayanisumbui. Nabeba vidonge vya laktesi, nameza kimoja chakula kikifika, maisha yanaendelea. Mhudumu namwambia "nina mzio wa maziwa" ili asinisumbue na siagi na jibini. Yanini kueleza mambo ya tumbo mezani?

#3 MamaWawili

TumboJeuri, kaka yangu, nakupenda lakini watu wa aina yako ndio mnaotuponza.

Wewe huna mzio. Utumbo wako unatengeneza laktesi kidogo, kile kimeng'enya cha kuivunja sukari ya maziwa, laktosi. Sukari isipovunjwa inachachuka huko chini, ndiyo hiyo gesi na kuharisha. Unaumia, sikatai, ila huwezi kufa kwa hilo. Watu wengi wa hali yako wanavumilia hata gramu 12 za laktosi kwa mara moja, na hiyo ni kama kikombe kimoja cha maziwa. Ndiyo maana chai haikusumbui.

Mwanangu wa pili ana mzio wa protini ya maziwa. Hapo si utumbo tena, ni kinga ya mwili inapiga vita. Kijiko kimoja kinatosha. Mwaka jana tulikuwa safarini, nikamweleza mhudumu, akaniletea kwa furaha maziwa yaliyoandikwa "hayana laktosi". Nikamwambia haya hapana. Akanijibu, "Mbona kuna mteja wetu ana mzio kama wa mwanao na anakunywa haya kila wiki?" Yaliyotolewa laktosi bado ni maziwa, protini yote imo. Yule mteja wa kila wiki alikuwa TumboJeuri mwenzako aliyejiita mgonjwa wa mzio ili asijieleze. Angenikuta nimechoka kidogo siku ile, ningempa mtoto.

Sema "maziwa yananisumbua tumbo". Neno mzio tuachieni sisi.

#4 KobeMzee

Mambo ya kujidekeza haya. Zamani tulikula kila kitu na tukakua. Ukisafiri agiza wali mweupe na yai la kuchemsha, kula, lala. Uzi mrefu wa nini?

#5 MkonoWaMoto

Mzee Kobe, shikamoo. Kuna watu mayai yenyewe ndiyo yanawamaliza, sasa sijui hao unawapa nini.

Mtoa mada, pole. Nimepika kwenye majiko ya hoteli kwa miaka mingi, ngoja niwapitishe nyuma ya pazia, maana wateja wengi wanadhani kuna mtu mmoja anakupikia sahani yako tangu mwanzo. Hakuna.

Mchuzi ule mweupe haukupikwa usiku ule. Ulipikwa asubuhi, ndoo nzima, na mtu ambaye saa mbili usiku alikuwa kwake amelala. Aliye zamu anachota na kupasha moto. Ukimuuliza kuna nini ndani, atakwambia anachokumbuka. Supu zinaanza na vile vibonge vya ladha au unga wa pakiti, na ngano au maziwa yanaweza kuwa yamejificha humo. Sosi ya soya watu wanaiona maji meusi tu, ya kawaida inatengenezwa kwa soya na ngano. Keki na vitamutamu mara nyingi vimenunuliwa vikiwa tayari, ukimuuliza mpishi wangu atakuangalia kama vile umemuuliza injini ya ndege imeundwaje. Mwenye mzio mkali, dezati ruka. Kula tunda lenye ganda, umenye mwenyewe.

Mafuta ya kukaangia ni yale yale tangu saa tano asubuhi. Samaki amepita, kamba wamepita, vitu vya unga wa ngano vimepita. Viazi vyako "vitupu" vinaogelea humo humo.

Bafe usiiguse. Mimi naweza kuandaa kila kitu sawasawa, kisha mteja mmoja anachukua kijiko cha saladi ya karanga na kuchotea wali. Dakika tano baada ya mlango kufunguliwa, sijui tena kilichomo kwenye sahani gani.

Saa pia ni muhimu kuliko mnavyodhani. Njoo mapema, kabla jiko halijawaka. Ukija saa mbili usiku na oda arobaini zimening'inia, hata malaika hatakusikiliza. Njoo saa kumi na mbili, nitatoka mwenyewe nikusikilize, nitakutolea kikaango kisafi na ubao mwingine wa kukatia.

Halafu siri moja ambayo wapishi wenzangu hawataipenda. Chakula kikija na kile kitu ulichokataa kimenyunyiziwa juu, usikirudishe jikoni. Kiache mezani, omba kingine, chako hicho kiondoke kipya kikishafika. Nimeona kwa macho yangu mtu anakwangua karanga juu ya sahani kwa kijiko, anafuta ukingo kwa kitambaa, anairudisha kwa mteja yule yule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka na hakuelewa.

#6 MguuNjia (mtoa mada)

Hiyo ya kukwangua imenitia baridi.

Kadi yangu hii hapa, nilitaka kuitafsirisha kabla ya safari ijayo:

"Habari yako. Mimi ni mgeni hapa na nafurahi sana kula kwenu. Samahani kwa usumbufu, nina tatizo dogo la kiafya linalohusiana na baadhi ya vyakula, hususan karanga pamoja na vitu vinavyofanana navyo. Ningeshukuru iwapo mpishi angeweza kunisaidia kupata chakula kisichokuwa na vitu hivyo. Asante sana na samahani tena."

#7 MkonoWaMoto

Hiyo ni barua ya kuomba kazi.

Jikoni kuna mvuke, mikono ina mafuta, mtu anaisoma kadi ikiwa imeshikiliwa mbele ya uso wake kwa sekunde tatu. Hadi afike kwenye "karanga" keshaitupa. Na "tatizo dogo" ndiyo nini? Dogo na ulilala hospitali? "Vitu vinavyofanana navyo" ndiyo kosa lile lile lililokuangusha, vitaje kimoja kimoja. Herufi kubwa. Samahani zote mbili futa.

#8 ZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi, nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aguse sindano, naona mmeipita kama daladala iliyojaa.

MguuNjia, sindano iliyoko chumbani ni sawa na huna. Inakaa mwilini mwako, na ziwe mbili, kwa sababu moja inaweza isitoshe, au ikakosewa. Kwenye ndege inaingia nawe ndani, usiiweke kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, na uwe na barua ya daktari yenye jina la dawa. Usiiache kwenye gari juani, usiiweke kwenye jokofu, joto la kawaida la chumba linaitosha. Angalia tarehe ya mwisho kabla ya safari. Za kujidunga kwa watu wazima kwa kawaida ni miligramu 0.3, za watoto wadogo 0.15, daktari anapanga kwa uzito. Na nunua kabla hujaondoka, kwani ziko nchi nyingi ambako kalamu hizi za kujidunga haziuzwi dukani kabisa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu amekula, na ndani ya dakika chache hadi saa mbili akaonyesha dalili za kifua au koo: sauti inakwaruza, anakoroma akipumua, anakohoa bila kukoma, au analegea na kizunguzungu. Hapo ni adrenalini kwanza, pajani kwa upande wa nje, hata juu ya suruali. Vidonge vya mzio vinatuliza kuwashwa na vipele tu, havifungui koo wala havipandishi presha iliyoporomoka. Wengi wanaochelewa huchelewa kwa sababu walimeza kidonge wakakaa "kusubiri kitafanya nini".

Mlaze, miguu juu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae, miguu iwe imenyooka mbele. Asisimame, asitembezwe kwenda chooni kunawa uso, asikimbizwe kwenye teksi kwa miguu. Kusimama ghafla presha ikiwa chini kumeua watu. Piga simu ya dharura. Dakika tano zikipita bila nafuu, sindano ya pili. Hata akipata nafuu anakwenda hospitali, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata kama hajala kitu kingine.

Kabla hujala popote ugenini, jua namba ya dharura ya nchi hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zote zinatumia 112. Kwingine tafuta mapema, usianze kuitafuta ulimi umeshavimba.

#9 BilaNgano

Naingia kwa niaba ya wenye siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano na jamaa zake, maana sisi tunasahaulika kwa kuwa hatuanguki mezani.

Mimi nikila ngano, shayiri au rai sivimbi. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo wangu polepole, naweza kuumwa kesho yake au nisisikie kitu huku madhara yanaendelea. Kwa hiyo nikimwambia mhudumu kwamba kipande kidogo kitanidhuru, ananiangalia, ananiona mzima, na hata kesho akiniona ataniona mzima. Kiwango cha kimataifa cha chakula "kisicho na gluteni" (protini ya nafaka hizo) ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Hebu fikiria chembe za mkate zilizobaki kwenye kikaangio cha mkate cha pamoja, au tambi zisizo na ngano zilizochemshwa kwenye maji yaliyotoka kuchemshia tambi za ngano. Wengi wananiambia moto unaua. Moto unaua vijidudu, gluteni si kijidudu.

Niliwahi kumuuliza mpishi mmoja swali kama la mtoa mada, "mnakipikaje?", kuhusu nyama ya kuchoma. Nyama tu, chumvi tu. Akaeleza vizuri hadi mwisho akasema, "kisha tunaifuta na bia kidogo iwe laini." Bia ya shayiri. Ningeuliza "kuna ngano?" angesema hakuna.

#10 MguuNjia (mtoa mada)

BilaNgano, umenipa mfano bora kuliko wangu.

ZamuYaUsiku, nimeagiza ya pili.

#11 MamaWawili

Kadi ikishatafsiriwa, mpe mzungumzaji wa lugha hiyo aisome na akueleze kwa maneno yake imesema nini. Usimuulize "iko sawa?" Atasema iko sawa. Na weka picha, kwa sababu si kila aliye jikoni anasoma lugha ya nchi ile, wengi ni wageni kama wewe.

Jingine, kwa wenye watoto. Meza na viti ninavifuta mwenyewe. Ile jeli ya kuua vijidudu mikononi haiondoi protini ya karanga wala ya maziwa, inaisambaza tu. Sabuni na maji, au vitambaa vya kufutia.

#12 PitaPita

Swali la haraka. Nimeona Ulaya menyu zina namba ndogo pembeni ya kila chakula, 1, 7, 9. Ndizo alama za vyakula vya mzio? Mtu akizifuata si amemaliza?

#13 MkonoWaMoto

Ndizo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Desemba 2014 inataka mteja ajulishwe kuhusu vyakula 14 vya mzio, hata mgahawani. Soma ufunguo chini ya menyu, usikariri namba ukadhani ziko vilevile kila mahali. Na usihame na orodha ya nchi moja kwenda nyingine. Haradali, seleri na lupini (jamii ya kunde) zimo kwenye zile 14. Marekani orodha ya taifa ina vyakula 9, hivyo vitatu havimo, ufuta umeanza kulazimika mwaka 2023, na sheria yenyewe inagusa chakula cha pakiti, siyo sahani ya mgahawa.

Umemaliza? Hapana. Namba inakwambia kilichomo kwenye mapishi. Haikwambii kisu kilikata nini kabla yako.

#14 KobeMzee

Nimerudi. Naulizia rafiki.

Huyo rafiki akila kamba wa baharini mchana hana shida. Akila jioni na bia mbili, midomo inawasha na anatoka vipele shingoni. Mara moja alikuwa ametoka kukimbia, akavimba jicho. Kamba wale wale. Sasa huo utakuwa mzio gani wa kuchagua saa?

#15 ZamuYaUsiku

Mwambie rafiki yako shikamoo.

Inawezekana kabisa ni mzio. Pombe, mazoezi, homa, kukosa usingizi, na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni vinaweza kushusha kizingiti. Kiasi ambacho mwili ulikuwa unakivumilia mchana, jioni unakikataa. Safarini hivyo vyote vinakutana siku moja: umechoka, umetembea kutwa, umemeza kidonge cha kichwa, unakula kamba na bia. Aache kamba hadi aonane na daktari wa mzio apimwe, na akieleza, aeleze na hizo bia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

#16 KobeMzee

Nitamwambia.

#17 TumboJeuri

Hahaha, rafiki!

Mimi nami nimekubali kosa. Jana nimesema "maziwa yananiharisha" mbele ya watu sita. Nimeletewa chai kavu na heshima yangu ipo pale pale.

#18 MguuNjia (mtoa mada)

Wakuu, kadi mpya. Nimeipeleka kwa mtu wa lugha ile, kaisoma, kanieleza kwa maneno yake, tumerekebisha mara mbili. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"NINA MZIO MKALI. NINAWEZA KUFA.
Sili KARANGA. Sili KOROSHO. Sili LOZI. (picha tatu)
Hata kidogo. Hata za kusaga. Hata kwenye mchuzi, mafuta au unga.
Tumia kikaango, kisu na ubao vilivyooshwa kwa sabuni. Usinikaangie kwenye mafuta yaliyokwisha tumika.
Huna uhakika? Niambie haiwezekani. Sitakasirika.
NIKIVIMBA AU NIKISHINDWA KUPUMUA: sindano iko mfuko wa kulia wa suruali. Nidunge pajani. Piga simu ya dharura."

Lozi daktari ndiye aliyeniongezea, ameniambia nikwepe hadi vipimo vitoke. Ule mstari wa "sitakasirika" ni wa mke wangu. Anasema watu hudanganya kwa kuogopa kumuudhi mgeni.

Naondoka wiki ijayo. Chakula cha usiku cha wenyeji nimeomba kisogezwe saa kumi na mbili, na bosi kanipa namba ya mgahawa nipige kabla.

#19 MkonoWaMoto

Hii sasa naisoma kwa sekunde tatu. Chapa nakala kumi, moja itabaki jikoni kila uendako.

#20 KobeMzee

Na siku ukivaa suruali isiyo na mifuko?

#21 MguuNjia (mtoa mada)

Mzee wangu. Nimebadilisha: "kifuko chekundu kiunoni". Asante.